Paswadi Niliyoianika Ukutani

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi, ninyi mliobaki kwenye chumba cha seva kule Kitale. Nadhani mlitaka vichekesho: panya aliyetafuna waya wa maabara, au daktari aliyemwaga uji kwenye kibodi kisha akalalamika kwamba mashine haina adabu. Hivyo ninavyo. Lakini tangu nistaafu, kila nikianza na panya, mkono unaenda kwenye jambo jingine. Basi nitaanza mwanzo nifike huko, na mkitaka kunicheka, nichekeni. Nimestahili.

Niliajiriwa na hospitali yetu ya misheni kama fundi wa printa. Nilitoka Moi's Bridge, ambako baba alilima mahindi na alitarajia nami nilime. Umri ulikuwa umesonga. Wenzangu walikuwa na watoto shuleni, mimi nilikuwa na sanduku la bisibisi. Siku ya kwanza nilivaa tai. Mkuu wa masjala, mama mrefu mwenye miwani ya fremu nyeusi, aliitazama tai yangu akasema, "Hiyo weka mfukoni, feni itakunyonga." Kisha akanipa brashi ya kupaka rangi, mpya kabisa, akaniambia nisafishe kompyuta zote ndani. Mnajua Kitale wakati wa kupukuchua mahindi. Katika mashine moja nilitoa makapi ya kutosha kulisha kuku wawili.

Kila mtu alimwita Madam, nami nikamwita Madam. Mtaona kwamba jina lake silitaji. Sababu inakuja.

Madam ndiye aliyeijenga databesi ya wagonjwa. Hospitali ilimpeleka Nairobi kwa kozi fupi, akarudi na vitabu viwili vizito, akaketi navyo Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka majina yaliyokuwa kwenye kadi za manila yakahamia kwenye seva. Hakuwa na mwalimu mwingine. Alikuwa na hasira za karibu na alichukia mtu kugusa kioo cha kompyuta kwa kidole. Ukikigusa, alikifuta mbele yako bila kusema neno, na ungejuta kuliko kama angekutukana.

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa faili ya mipangilio. Alinifungulia faili fupi ya maandishi ya kawaida, mistari michache tu. "Programu ni mgeni," akasema. "Seva iko nyumba ingine. Mgeni lazima ajue nyumba ni gani, mlango ni upi, anauliza nani, na anasema neno gani ndio afunguliwe." Anwani ya seva ilikuwa pale, na namba ya mlango, na jina la databesi, na jina la mtumiaji. Neno lenyewe halikuwa pale. Vitabu vya shule vinaliita nywila; sisi tuliita paswadi, na nafasi yake kwenye faili aliiacha wazi.

"Hii haiandikwi," alisema. "Inakaa kwa kichwa. Changu na chako, basi."

Kwa hiyo kila programu zilipowashwa upya, mmoja wetu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Na stima za Kitale mnazijua zinavyopotea, kwa hiyo tuliiandika mara nyingi. Nililalamika kwamba ni kazi ya bure. Akaniuliza kama nyumbani kwetu ufunguo wa ghala huwa tunauacha ukining'inia mlangoni. Nikaiandika, kwa sababu kwa kweli huwa tunauacha.

Jambo jingine alilonifundisha ni mistari inayoanza na alama ya hashi. Kompyuta ikiiona alama hiyo, huuruka mstari wote kama haupo. Mistari hiyo ni ya binadamu, ya kuachiana maelezo. Kumbukeni hilo.

Madam alikuwa na binti, Nekesa, mwalimu wa nasari. Jumamosi alimletea mama yake chakula cha mchana. Nikaanza kugundua kwamba printa ya masjala inahitaji kutengenezwa kila Jumamosi. Madam hakusema kitu mpaka printa ilipofunguliwa wiki ya tano mfululizo, ndipo akasema, "Hii printa ikipona, ulete wazazi wako." Wazazi walikwenda Myanga, nyumbani kwake, wakapatana na wazee, na ng'ombe wakapelekwa. Mmoja wao, mtamba mwekundu aitwaye Waridi, aligoma kupanda lori na kuwaaibisha wajomba zangu mbele ya soko zima. Madam alimpenda Waridi kuliko wengine wote. Alisema ana msimamo.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye shida ambayo vitabu vyake viwili havikuitaja.

Ninyi wa siku hizi mnawakumbatia mama wakwe zenu nje ya kanisa na kupiga nao picha. Kwetu haikuwa hivyo. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani machoni, na jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa mkwe. Akija njia hii, wewe unapitia kwenye mahindi. Si uadui, ni heshima, na wazee wanaweza kuilegeza wakiombwa vizuri. Nyumba ya Madam haikuwa ya kulegeza. Jumatatu iliyofuata tulifika kazini, meza moja, viti viwili, seva moja, na hakuna aliyejua aketi wapi. Nilikaa koridoni asubuhi nzima nikijifanya natengeneza soketi.

Hospitali ilikuwa inafungua kliniki Bungoma. Madam akaomba aende kusimamia masjala ya huko. Watu walimpongeza kwa kupanda cheo. Mimi nilijua anamkimbia mkwe wake, na nilimshukuru kwa hilo.

Kliniki ya Bungoma ilitumia seva ileile ya Kitale kupitia mtandao. Kwa hiyo bado tulikuwa vichwa viwili vyenye paswadi moja, ila sasa vichwa hivyo haviongei. Nikipiga simu, alimpa karani wake aniulize ninataka nini. Hospitali nayo ilitaka paswadi ibadilishwe mara kwa mara. Nani angemwambia nani ile mpya? Posa unaweza kutuma mshenga. Paswadi ukiituma kwa mshenga, mmeshakuwa watatu.

Nikaiandika kwenye faili ya mipangilio. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, si yeye. Nikaijaza ile nafasi aliyoiacha wazi miaka yote, Kitale na Bungoma, na kwenye faili ya Bungoma nikaongeza mstari wa hashi: "Mama, nimeiandika hapa kwa kuwa hatuwezi kuambiana." Kesho yake nikafungua faili ile kwa mtandao nikakuta chini yake mstari mwingine: "Sikufurahi. Lakini sina njia ingine." Paswadi alikuwa ameibadilisha. Sasa ilikuwa jina la Waridi na tarakimu mbili; nikaiweka na Kitale kabla ya watu kufika, na tangu hapo tulibadilisha tarakimu tu. Nikaona amenisamehe kidogo.

Tangu siku hiyo faili ya Bungoma ikawa sebule yetu. Kila asubuhi niliifungua kabla ya chai. "Mtoto amepona surua?" "Amepona, Mama." "Mvua imekuja Myanga, mahindi yamesimama." "Mkwe, umekosea mlango wa programu ya maabara. Rekebisha kabla hawajaamka." Mambo ambayo wakwe wengine hawaambiani maisha yao yote, sisi tuliambiana pale, na kompyuta ikaruka yote. Sikumwonyesha mtu. Nilijiona mjanja sana. Nilikuwa nimepata njia ya kutii mila na kufanya kazi kwa wakati mmoja, na sikuona kwamba nimeuacha ufunguo wa ghala mlangoni.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha asubuhi moja nikakuta mstari mrefu kuliko kawaida. "Mkwe, macho yangu yanakwisha. Daktari anasema ni presha ya macho. Kazi imebaki kidogo nistaafu. Nataka nitoke na jina langu zima. Pitia kazi yangu kila jioni. Usimwambie Nekesa."

Nikajibu, "Nimesikia, Mama."

Kila jioni kabla ya kutoka nilipitia majina na vipimo alivyoingiza. Makosa yalikuwa machache, tatu iliyoandikwa nane, basi. Makarani wenye macho mazuri walikosea kuliko yeye. Nilirekebisha, nikarudi nyumbani, nikala na mke wangu, na sikumwambia.

Sasa nimefika.

Msimamizi wa hospitali alitaka wafanyakazi wa Bungoma wafundishwe nini cha kufanya programu inapokataa. Nilitumwa mimi. Tulikaa kwenye ukumbi wa kliniki, makarani, wauguzi, watu wa maabara, walinzi wawili waliofuata chai, na projekta ikapiga ukutani. Madam aliketi nyuma kabisa upande wa kulia, karibu na mlango. Kwa sababu hiyo mimi niligeukia kushoto, kwa heshima. Nilifundisha saa nzima nikiwa nimegeukia dirisha, ukuta uko mgongoni na mama mkwe yuko mahali nisipopaswa kutazama.

Nikasema, "Hebu niwaonyeshe anwani ya seva inakaa wapi." Mkono ukafanya ulichozoea kufanya kila asubuhi. Ukafungua faili ya Bungoma.

Niliendelea kuongea na dirisha. Nikasikia watu wanacheka. Karani mmoja, Barasa, alisema, "Ati paswadi ni Waridi! Si huyo ni ng'ombe ya mahari, bana?" Kicheko kikaenea. Nami nikatabasamu nikidhani ni utani wa kawaida. Kisha Barasa, ambaye alikuwa na sauti ya kusoma somo kanisani, akaendelea kusoma. "Mkwe, macho yangu yanakwisha. Daktari anasema..." Akakatika katikati. Kicheko kikafa chote mara moja.

Niligeuka. Maneno yalikuwa ukutani, makubwa, kila herufi ukubwa wa kiganja. Nikajirusha kwenye kompyuta kuizima projekta, na katika kujirusha huko nikamwona Madam, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, uso kwa uso. Alikuwa amesimama. Ameshika ukingo wa kiti. Halafu akatoka, akipapasa ukuta kwa mkono, akavuka ua kwenda ofisini kwake.

Nilitaka ardhi ipasuke. Sikuweza kumfuata, kwa kuwa mkwe haingii chumba aliko mama mkwe peke yake. Hata sasa mwaweza kuniuliza kama siku ile mila haikuweza kusubiri nje. Nimejiuliza. Nilisimama pale na kibodi mkononi.

Kabla sijajua niwaambie nini watu, simu ikalia. Ni famasia ya Kitale. "Fundi, mashine imekataa! Inasema paswadi si sahihi. Watu wamejaa hapa, dawa haitoki!" Nikaingia kwenye seva kupitia mtandao. Paswadi ilikuwa imebadilishwa dakika chache zilizopita, na aliyeibadilisha alikuwa ameingia kwa jina la Madam.

Nikafikiri jambo moja tu. Ameingia ofisini na machozi na macho mabovu, amegusa asichokiona, ameharibu. Bungoma ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabisa wakati Kitale imezima. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana mtu akiharibu kwa kupapasa haharibu upande mmoja na kuutengeneza mwingine. Halikunishtua. Nikairudisha paswadi ya zamani, Kitale ikafunguka. Sasa Bungoma ikazima. Nilichopaswa kufanya ni kuifungua faili ya Bungoma nione ina nini. Sikuifungua. Niliona aibu kuitazama tena. Nikachukua faili ya Kitale, isiyo na neno letu hata moja, nikaibandika juu ya ile ya Bungoma, ikaifuta yote. Nilitaka ule mstari wa macho upotee. Ukapotea, na surua ya mtoto, na mvua ya Myanga, na kila kitu tulichowahi kuambiana.

Kila kitu kikafanya kazi tena. Barasa alinipigia makofi. Nakumbuka hilo kwa sababu niliyapokea.

Wiki hiyohiyo msimamizi alituita. Madam aliketi upande wa mlango, nami nikakaa nikimpa mgongo. Msimamizi akauliza nani alibadilisha paswadi na kuzima famasia. Nikasema kumbukumbu za seva zinaonyesha ni Madam. Akauliza kwa nini. Nami nikasema, kwa sauti ya upole, sauti ya mkwe mwema, "Huenda ni macho. Hakuona alichokuwa anafanya."

Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia ikinizungumzia tangu siku za meza moja. Alisema, "Kama mkwe amesema, amesema."

Walimpeleka nyumbani kabla ya wakati wake. Hapakuwa na sherehe ukumbini, hapakuwa na keki wala blanketi wala hotuba. Mwanamke aliyeijenga databesi nzima kwa vitabu viwili aliondoka kama mtu aliyeiharibu, na makarani wapya wakafundishwa habari za mama kipofu aliyezima hospitali. Niliwasikia wakiisimulia. Sikuwasahihisha. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Huyu mwosha alikuwa amemfunua marehemu sokoni, na bado anajiita fundi.

Nekesa alizipata habari za macho ya mama yake kwa mwanamke aliyekuja kununua mbegu. Aliniuliza swali moja tu. "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akachukua sufuria aliyokuwa ameshika, akaiweka chini polepole, akaenda Myanga, akakaa huko mpaka nikatuma wazee. Aliporudi tulizungumza mambo ya watoto. Mama yake hatukumzungumzia, kwa miaka zaidi ya kumi.

Kazi yangu iliyobaki mnaijua. Niliitwa Mzee, niliwafundisha kusafisha feni kwa brashi ya rangi, nilistaafu, mkanipa blanketi. Nililipokea mbele yenu wote nikatoa hotuba. Chebet, aliyechukua kiti changu, ni shahidi kwamba sikuweza kuimaliza. Alidhani ni furaha.

Wiki iliyofuata Chebet alinipigia simu. Alikuwa anapitia mitambo, kama nilivyomfundisha. "Mzee, shikamoo. Hii paswadi iko kwa faili ya mipangilio, iliwekwa lini?"

"Ipi?"

"Hii ya Waridi. Mzee, hii ni noma. Iko wazi kabisa, mtu yeyote akifungua anaona. Na inaonekana haijawahi badilishwa."

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya nyumba yangu. Paswadi ambayo ukumbi mzima uliisoma na kuicheka, ambayo hata walinzi wawili waliofuata chai waliisikia, ilikuwa ndiyo inayofungua vipimo vya kila mgonjwa hadi asubuhi ile. Niliogopa kuigusa, ndiyo maana, na hapakuwa na mwingine wa kunikagua. Kila nilipotaka kuibadilisha nilimwona amesimama ameshika kiti. Kama kuna mtu aliyeitumia kuchungulia siri ya jirani yake, sijui, na siwezi kujua. Nikamwambia Chebet aibadilishe saa hiyohiyo. Akasema ameshaibadilisha, na ameitoa kabisa kwenye faili. Sasa inakaa mahali pake palipofungwa, na programu inapewa ikiamka. "Kwa faili nimeacha nafasi wazi," alisema. Hakujua kwa nini nilikata simu.

Nilimweleza Nekesa yote jioni hiyo, mezani. Alisikiliza. Mwisho akasema, "Mama amekuwa akikuita tangu ustaafu. Nilikuwa sijakuambia, kwa sababu nilitaka kwanza uongee." Kesho yake tukaenda Myanga.

Nilikaa uani, mgongo kwa mlango, kama mkwe. Nekesa aliingia. Nikasikia sauti ndani ikinisalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Mulembe, mkwe. Ingia."

Sikusogea.

"Si nimesema uingie? Hatutazamani macho, hiyo ndio mila. Mimi macho sina tena. Sasa utaogopa nini?"

"Mama, wazee..."

"Wazee nimeongea nao. Wamekula jogoo wangu wakanyamaza. Ingia, bana, chai inapoa."

Niliingia. Alikuwa amekonda. Miwani ya fremu nyeusi bado ipo usoni, ya mazoea tu. Aliniambia niketi upande wake wa kulia, na nikaketi, na tukawa tena meza moja viti viwili. Nikamwaga chai. Akasikia ikidondoka. "Bado uko vile vile," alisema.

Kisha akaniuliza bila kuzunguka. "Ile siku ya ukumbi. Ile laini yangu ulisoma?"

"Ile ya macho, Mama? Ndiyo, na kila mtu..."

"Sio ya macho! Ya mwisho. Ile niliandika nikitoka ukumbini."

"Laini gani, Mama?"

Akaweka kikombe chini. "Watu wote walikuwa wamesoma paswadi kwa ukuta. Barasa ameitangaza kama mnada. Wewe umesimama hapo, umekufa. Nikasema, huyu ameshikwa na aibu, hatakumbuka. Nikaenda ofisini nikabadilisha. Nilikuwa nimeweka uso kwa kioo hivi, pua inagusa, naandika herufi moja moja. Nikaweka mpya kwa faili ya Bungoma. Chini nikakuandikia: Mkwe, wote wameisoma. Nimebadilisha. Mpya ni hii. Weka Kitale haraka. Nikangoja. Najua kila asubuhi unafungua hiyo faili. Nikajua hata sasa atafungua."

"Sikuifungua, Mama. Niliona aibu. Niliifunika na ya Kitale bila kuisoma."

"Hukusoma?"

"Sikusoma."

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na leso mdomoni. Mama yake alipapasa mpini wa kikombe. "Miaka yote hii," alisema, "mimi nilijua ulisoma. Nilijua ulisoma ukaamua kusema ni macho, ili wewe ubaki msafi. Kwa hiyo nikasema, kama mkwe amesema, amesema. Ningefanya nini? Nibishane na mkwe mbele ya watu?"

Nilijifunika uso. Ningeweza kuvumilia kama angekuwa ameniona mjinga miaka hiyo yote. Aliniona mwongo, na bado, Nekesa aliniambia baadaye, alimwuliza kila mwaka kama kifua changu cha vumbi la mahindi kimepona.

"Na yangu mpya," akauliza, "uliiondoa ukarudisha ya Waridi?"

"Ndiyo."

"Halafu mkaibadilisha lini?"

Nilitamani kudanganya. "Jana, Mama. Msichana aliyechukua nafasi yangu."

"Jana!" Alicheka, kicheko kikavu, kisha akavua miwani akafuta macho yasiyoona kwa ncha ya kitambaa. "Waridi mwenyewe alikufa zamani. Ng'ombe amekufa, paswadi inaishi. Huyo msichana ameiweka wapi?"

"Mahali pamefungwa. Kwa faili ameacha nafasi wazi."

"Wazi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Huyo amesoma."

Nilimwambia mmeniomba niandike habari za kazi. Nilimwambia sitaki kuandika. Akageuza uso kwangu, sawasawa kabisa, kana kwamba ananiona.

"Utaandika. Hawa watoto wanajua kuna kipofu alizima hospitali. Waambie nilifanya nini. Na utasema jina."

"Mama, jina siwezi."

"Mimi ndiye mwenye mila hapa, na nimesema. Sema jina, nisikie."

Nilijaribu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Nekesa aligeuka akatazama nje. Nikalisema, polepole, na yule mama akatikisa kichwa kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. "Tena," akasema. "Kwa sauti."

Basi, wenzangu, someni hapa na mumsomee Barasa pia kama bado yuko. Databesi mnayoitunza haikujengwa nami. Siku nilipoianika paswadi ukutani, kulikuwa na mtu mmoja tu ukumbini aliyejua la kufanya akalifanya, pua ikigusa kioo, nami nikalifuta na kumtupia lawama. Anaitwa Robai Nafula.

Ni mama mkwe wangu.